Ronnie Barker hakufukuzwa, aliacha mwenyewe
Umesema Ronnie Barker, yule mchekeshaji bonge Mwingereza wa shoo ya vichekesho ya The Two Ronnies, alifukuzwa BBC. Hapana bwana, hakufukuzwa, aliacha mwenyewe mwishoni mwa 1987 akiwa bado yuko juu kabisa, akaenda zake Chipping Norton, mji mdogo huko Uingereza, akafungua duka la vitu vya kale na mkewe. Moyo ulikuwa unamsumbua na mawazo mapya yalikuwa yanamuishia, basi.

Ila kinachonichekesha zaidi ni ile ishu ya Gerald Wiley. Miaka ya mwisho ya 60 kwenye shoo ya TV ya mtangazaji David Frost jamaa alikuwa anaandika vichekesho anavituma kwa jina hilo la uongo, eti asipendelewe kwa sababu ni staa, watu wakaanza kubahatisha huyu Wiley ni mwandishi gani mkubwa kajificha, na kuna skripti zake zingine aliletewa mwenyewe akasema hizi mbovu! Mpaka siku "Wiley" kaalika timu nzima mgahawa wa Kichina, watu wanasubiri mgeni, Barker kasimama: ndo mimi. Hata Ronnie Corbett, pacha wake wa kazi, hakujua.

Alirudi kidogo 2002 kuigiza mtumishi wa Churchill, akafariki 2005.