Supachaja Iwe Kitu cha Mwisho Kununua

Ukishaanza kutamani gari lenye nguvu zaidi, macho hukimbilia supachaja moja kwa moja, ile pampu ya kuisukumia injini hewa zaidi. Inang'aa, ina sauti yake, na muuzaji anakuhakikishia nguvu za kutosha kwa kazi ya kufungua na kufunga boliti. Nayaelewa matamanio hayo kwa sababu ninayo. Naendesha Toyota 86 toleo la kwanza, injini ya lita 2 inayotoka kiwandani na nguvu za farasi 200, na yeyote aliyeliendesha anaijua ile sehemu kati ya mizunguko 3,500 na 4,500 ya injini kwa dakika ambapo unakanyaga na gari linasitasita. Leo langu lina supachaja na nalipenda kuliko siku niliyolinunua. Ila nikiulizwa pa kuanzia, jibu langu halibadiliki: nunua kila kitu kingine kwanza.

Injini ya kawaida hujivutia hewa yenyewe. Pistoni ikishuka, hewa inaingia kwa presha ya anga, ambayo usawa wa bahari ni karibu bari 1. Ili ipate zaidi ya hapo lazima isukumiwe. Tabo (turbo) husukuma kwa kutumia gesi za ekzosi. Supachaja huzungushwa na mkanda unaotoka kwenye krenki, mhimili mkuu wa injini. Ukiongeza bari 0.5, kwenye karatasi umeongeza nusu ya hewa, ukaongeza na mafuta ya kulingana nayo, basi na nguvu zimeongezeka kwa nusu. Hesabu hiyo haifiki barabarani ikiwa nzima. Sehemu inaliwa na mkanda, maana supachaja inazungushwa na injini ile ile unayotaka kuisaidia. Sehemu nyingine inaliwa na joto, na joto ndilo lililonifanya niandike makala hii.

Hewa ikibanwa hupata moto. Aliyewahi kujaza tairi la baiskeli kwa pampu ya mkono anajua mrija wa pampu unavyokuwa ukiugusa. Hewa inayoingia kwenye supachaja ikiwa na nyuzi 25 na kubanwa kwa bari 0.5 inaweza kutoka na zaidi ya nyuzi 80. Hewa ya moto imetanuka, kwa hiyo silinda inapata kidogo kuliko ulivyodhani. Ubaya mkubwa zaidi ni kwamba inaisogeza injini karibu na kugonga.

Hapo nitakaa kidogo, kwa kuwa kugonga ndiko kunakoua injini hizi. Katika mwako wa kawaida plagi inawasha mchanganyiko, na moto unasambaa kwa mpangilio hadi kwenye kuta za silinda. Joto na presha vikizidi, ile sehemu ambayo moto haujaifikia inalipuka yenyewe. Presha inaruka ghafla, pistoni inapigwa kutoka juu. Hali hiyo ikijirudia, zile kingo za pistoni zinazoshika ringi huvunjika. Injini nyingi ambazo kiwanda kilizibuni kwa kusukumiwa hewa hupewa kompresheni ya chini, yaani hewa inabanwa ndani ya silinda kwa uwiano wa tisa au kumi kwa moja. Ya kwangu ni 12.5 kwa moja. Inawezekana kabisa kuifunga supachaja, ila nafasi ya usalama ni nyembamba na kila nyuzi ya joto unayoipunguza ina thamani yake.

Fundi mmoja aliwahi kunionyesha plagi iliyotolewa kwenye gari ambalo mwenyewe alisema linakwenda vizuri na halina sauti yoyote. Kwa macho tu ilikuwa safi. Aliponipa lenzi, niliona kwenye ile kaure nyeupe vidoa vidogo sana vyenye mng'ao wa fedha. Ilikuwa aluminiamu ya pistoni, imebanduka chembe kwa chembe na kunata pale. Tangu hapo siamini sikio peke yake. Kwenye gari lenye ekzosi ya kelele, kugonga kunaweza kukupita bila kusikia lolote, kwa hiyo soma rekodi za sensa ya kugonga, na plagi uzichomoe uzitazame.

Sasa mafuta. Petroli huungua sawasawa kwa gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu ya mafuta, na ukiwa unatembea taratibu kompyuta ya gari huufuata uwiano huo. Chini ya presha, ukikanyaga hadi mwisho, waliozoea kazi hii hushuka hadi kati ya 11.5 na 12, kwa kuwa mafuta ya ziada yanapooza chumba cha mwako. Maana yake nozeli zinazopulizia mafuta zinatakiwa kumwaga mengi zaidi kwa muda ule ule mfupi. Angalia zinakaa wazi kwa asilimia ngapi ya muda. Zikipita 85 huna tena akiba, na siku ya baridi, hewa ikiwa nzito, ndiyo siku zitakapokuangusha. Pampu nayo ina tabia ambayo wengi hawaifikirii: kadiri presha ya mafuta inavyopanda, ndivyo kiasi inachosukuma kinavyopungua. Halafu, kama nozeli inapulizia kwenye manifoldi, ile njia ya hewa ya kuingilia injini, presha ya supachaja inayasukuma nyuma mafuta yanayotaka kuingia, kwa hiyo presha ya mafuta lazima ipande pamoja na ya manifoldi. Gari langu lina nozeli za aina mbili, zinazopulizia ndani ya silinda na zinazopulizia kwenye njia ya hewa, na fundi inabidi azipatanishe zote mbili. Nozeli, pampu na sensa ya lambda ya kusoma uwiano wa hewa na mafuta kwa upana vilikuwa ndani ya gari langu kabla hata sijachagua supachaja.

Tumia petroli yenye oktani, yaani uwezo wa kuzuia kugonga, ya juu kabisa unayoweza kuipata kila siku. Nasisitiza kila siku, kwa sababu gari likituniwa, yaani kompyuta yake ikipangwa, kwa oktani 98 halafu ukalijaza 95, umeitupa ile nafasi ya usalama yote. Wanaotumia mchanganyiko wa ethanoli, kama E85, wanapata kinga kubwa dhidi ya kugonga, lakini watahitaji takriban asilimia 30 zaidi ya ujazo wa mafuta, na pampu ya kuutoa.

Kuhusu aina za supachaja, zipo tatu unazokutana nazo. Ya Roots ina jina la ndugu wawili wa Marekani, Philander na Francis Roots, waliopata hataza ya kipulizio chao mwaka 1860, kwa kazi za viwandani, magari hayajazaliwa. Inasogeza hewa bila kuibana ndani yake. Kubanwa kunatokea kwenye manifoldi, na ndiyo sababu zile za zamani zilikuwa na joto jingi. Ya skrubu pacha, iliyotokana na kazi ya mhandisi Alf Lysholm wa Uswidi, inaibana hewa ndani yake, na mara nyingi hula nguvu pungufu za injini kwa presha ile ile. Zote mbili zinakupa torki, ile nguvu ya kuzungusha, tangu mizunguko ya chini. Ya tatu ina gurudumu la mapanga linalozunguka kwa kasi kubwa, na presha yake hupanda takriban kwa mraba wa mizunguko: ikikupa bari 0.6 kwenye mizunguko 7,000, kwenye 3,500 utapata kama 0.15 tu. Inaihurumia injini chini, inafaa kwa anayekimbiza gari kwenye uwanja wa mbio muda wote juu. Mimi nilitaka kuziba lile pengo la katikati, nikachukua skrubu pacha. Chagua kwa kuangalia unaendesha wapi, na ile namba ya juu kabisa iliyoandikwa kwenye boksi usiitazame sana.

Interkula, kifaa cha kupoza hewa iliyobanwa kabla haijaingia injini, ndiyo mahali ambapo watu hubana pesa, na mimi sikubaliani nao hata kidogo. Nimewahi kukaa kiti cha abiria na kompyuta mapajani, nikisoma rekodi za gari la rafiki yangu. Tulipoanza, hewa inayoingia injini ilikuwa nyuzi 38. Akakanyaga, ikapanda hadi 55. Tukageuza bila kusubiri, akakanyaga tena, ikapita 70, na pembeni nikaona safu ya uwakaji, yaani wakati ambao plagi inawasha ukipimwa kwa nyuzi za mzunguko wa krenki, ikirudi nyuma nyuzi moja, mbili, tatu, kompyuta ikijaribu kuiokoa injini. Gari lilikuwa na nguvu mara ya kwanza tu. Interkula yake ilipozwa kwa maji, na yale maji yalikuwa yamepata moto kwa sababu rejeta ya mbele ilikuwa ndogo na pampu yake dhaifu. Alipobadilisha viwili hivyo, puli ya supachaja inayoamua presha ikiwa ile ile, gari likawa na kasi kwa kila mkanyago. Hakuongeza presha hata kidogo.

Kabla ya kufunga chochote, pima afya ya injini: kompresheni ya kila silinda, kisha jaribio la kuona kama silinda inavujisha hewa. Silinda moja ikiachana sana na wenzake, tengeneza kwanza. Weka plagi za baridi zaidi kwa hatua moja, yaani zinazopoteza joto haraka, na upunguze pengo lake, kwa kawaida hadi karibu milimita 0.7, maana cheche hupata tabu kuruka kwenye hewa iliyoshindiliwa.

Kwenye daino, ile mashine ya kupimia nguvu magurudumuni, pima gari likiwa bado la kiwandani, kisha pima tena hapo hapo baada ya kazi. Mashine mbili tofauti hazitakupa namba moja, kwa hiyo namba ya mtu mwingine isikusumbue. Kinachofaa kusomwa ni umbo la mchoro. Gari langu lilipokuwa juu ya daino, presha ilipanda vizuri hadi mizunguko 5,500, halafu ikaanza kushuka wakati mizunguko inaendelea kupanda. Fundi hakugusa kompyuta. Alizima, akapitisha kidole nyuma ya puli, kikatoka na vumbi jeusi la mpira. Mkanda ulikuwa unateleza. Tulibadilisha puli ya kukaza ili mkanda uizunguke zaidi puli ya supachaja, na mchoro ukanyooka. Mtu mwenye haraka angeweka puli ndogo zaidi kufidia presha, na mkanda ungeteleza maradufu.

Fundi wa kutuni umpime kwa jambo moja: mwombe rekodi. Anayejua kazi atakuonyesha uwiano wa hewa na mafuta, uwakaji, joto la hewa na kugonga, mizunguko kwa mizunguko, na atakueleza ameacha nyuzi ngapi za uwakaji kama akiba. Anayekuonyesha namba ya farasi peke yake, mshukuru uondoke na gari lako.

Breki, tairi na klachi navyo vina zamu yao kabla ya nguvu. Ukifika kwenye kona na kilomita 120 kwa saa badala ya 100, breki zinabeba nishati zaidi kwa asilimia 44, kwa hiyo badilisha pedi na oili ya breki mapema. Kwenye uwanja wa mbio fuatilia joto la oili ya injini. Kipozea oili si anasa. Bima ipewe taarifa ya mabadiliko, na ujue sheria ya ukaguzi wa moshi unapoishi.

Baada ya kufunga, endesha kwa upole kilomita mia chache, kisha ukague mkanda, klipu za mipira ya hewa, na maji ya interkula. Mwaga oili ya injini uitazame. Chomoa plagi zote, zipange kwa mpangilio wa silinda na uzisome kwa lenzi mchana kwenye mwanga mzuri. Zikiwa zinafanana na kaure ni safi, na rekodi za joto zimetulia hata ukikanyaga mfululizo, hapo ndipo unaweza kuanza kuzungumza na fundi wako kuhusu puli ndogo zaidi. Mwambie kwanza akokotoe kasi ya supachaja: kipenyo cha puli ya krenki gawanya kwa cha supachaja, zidisha kwa mizunguko ya juu kabisa ya injini. Puli ya milimita 150 ikizungusha ya 75, supachaja inakwenda mara mbili ya krenki. Jibu lake liwe chini ya kikomo alichoandika mtengenezaji.