Kiuno kinauma: tiba ipi inafaa, ipi uiache?

Nimeinua mzigo juzi, kiuno kikakaza ghafla. Nilale mpaka kiachie?

Hapana. Kama kusimama kumeshindikana kabisa, lala siku moja, zikizidi mbili, kisha inuka. Misuli isiyotumika hulegea upesi, na mgonjwa huanza kuogopa kuinama hata pale mgongo unapokuwa tayari. Tembea dakika 5 hadi 10 kila baada ya saa moja au mbili, hata kama ni humo humo chumbani. Kandamiza kiuno kwa chupa ya maji ya moto iliyofungwa taulo, dakika 15 hadi 20. Usiku lala ubavu, mto ukiwa katikati ya magoti. Maumivu yakipanda kidogo unapotembea kisha yakatulia baada ya muda mfupi, hujajiumiza. Wengi hupata nafuu kubwa ndani ya wiki 4 hadi 6.

Parasetamoli hainisaidii kitu. Ninywe dawa gani?

Hukosei. Utafiti mkubwa wa Australia uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta kwamba wenye maumivu mapya ya kiuno waliomeza parasetamoli hawakupona mapema kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Ibuprofeni husaidia kiasi: miligramu 400 mara tatu kwa siku, baada ya kula, kwa siku chache tu. Usiiguse kama una vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au wa moyo, una mimba, au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Mwenye presha amuulize daktari kwanza, maana dawa hii hupunguza damu inayofika kwenye figo na hudhoofisha baadhi ya dawa za presha.

Kosa tunaloliona mara nyingi ni kumeza ibuprofeni pamoja na diklofenaki. Ni ndugu wa kundi moja. Ukizichanganya unaongeza hatari ya tumbo kutoka damu, nafuu haiongezeki.

Nimepigwa picha ya MRI, wameandika diski (mito laini kati ya pingili za mgongo) zimechakaa. Nipasuliwe?

Kwa maneno hayo pekee, hapana. Ukiwapiga picha watu wa miaka 50 ambao hawaumwi popote, wengi wao utawakuta na diski zilizochakaa. Ni kama mvi, zinakuja na umri. Inasikitisha kuona mtu akiacha kazi na kutembea kwa hofu kwa sababu ya sentensi moja ya ripoti.

Upasuaji una nafasi yake pale diski imechomoza ikabana neva (mshipa wa fahamu). Dalili yake ni maumivu yanayoshuka mguuni, mara nyingi kupita goti, tena makali kuliko ya kiuno chenyewe. Picha ni lazima ilingane na mguu unaouma, na tiba nyingine iwe imejaribiwa kama wiki 6 bila mafanikio, isipokuwa kama mguu unaishiwa nguvu, hapo usingoje. Upasuaji huwahisha nafuu ya mguu, lakini baada ya mwaka mmoja waliopasuliwa na waliosubiri huwa karibu sawa, kwa kuwa diski nyingi zilizochomoza hunywea zenyewe.

Na sindano ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) mgongoni?

Kwa maumivu ya mguu yatokanayo na neva, inaweza kukupa nafuu ya wiki kadhaa. Kwa kiuno peke yake, haisaidii.

Huu mwezi wa tano naumwa. Nimenunua mkanda, nimevutwa mgongo kwa mashine. Nijaribu nini sasa?

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 unashauri kutotumia mkanda, mashine ya kuvuta mgongo wala dawa za jamii ya afyuni (kama morfini) kwa maumivu ya muda mrefu kama yako. Unaunga mkono mazoezi, elimu, kukandwa na msaada wa kisaikolojia.

Anza na mawili. Lala chali, kunja magoti, nyanyua makalio hadi mwili unyooke kutoka mabegani hadi magotini, hesabu 5, shusha. Kisha tambaa kama mtoto, nyoosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma, hesabu 5, badilisha. Kila moja mara 5, kisha ongeza mara 1 au 2 kila wiki. Juu yake weka kutembea, ukipanda taratibu hadi dakika 30, siku 5 kwa wiki.

Wengi hukwama hapa: siku mgongo umetulia wanafanya mara 40, kesho yake hawainuki, wanasema mazoezi yamewadhuru. Shika kiwango chako, siku nzuri na siku mbaya, kwa wiki 8 kabla hujatoa hukumu.

Ni lini nikimbilie hospitali?

Leo hii, hata kama ni usiku, ukipata ganzi sehemu za siri au mapajani kwa ndani, mkojo ukigoma au ukitoka bila kujijua, au miguu yote miwili ikilegea. Neva za mwisho wa mgongo zimebanwa. Zikicheleweshwa, ulemavu unaweza kuwa wa kudumu.

Ndani ya siku chache, usisubiri wiki: homa, jasho la usiku na kukonda (kifua kikuu hushambulia pia pingili za mgongo), kama umewahi kuugua saratani, au maumivu yaliyoanza baada ya mzee kuanguka.