Kamba wa paketi: kabla hujawatia karaini, geuza paketi usome nyuma

Salam zenu. Leo nataka tuzungumze juu ya hivi vyakula vya paketi vya watu wasiokula nyama wala samaki wala mayai, wenyewe wanajiita vegani, vile vinavyotengenezwa vifanane na kamba, jodari wa mkebe, samaki wa kuchovya kwenye chenga za mkate na kadhalika. Najua mtu wa Malindi akisikia hivo anacheka, bahari ile pale, samaki wa soya wa nini? Hata mimi nilicheka. Lakini mimi kamba walinikataa, nilikula kwenye harusi mwaka 2019 midomo ikavimba mpaka nikapelekwa hospitali usiku nimejifunika leso, na tangu hapo daktari kanipiga marufuku kamba, kaa na kamba mawe. Changu, tafi, nguru nakula kama kawaida, manake mzio wa kamba na mzio wa samaki wa mapezi ni vitu viwili mbali mbali, mtu anaweza kuwa na huu asiwe na ule.

Sasa mimi napika kwenye nyumba ya wageni huku Casuarina, Malindi, na wageni wetu wengi Wataliano. Mwaka 2024 ikaja familia moja, baba, mama na binti yao, wote vegani, wamekuja na sanduku zima la vyakula vyao kama watu wanaokwenda jangwani. Siku ya kuondoka wakaniachia vilivobaki: mifuko sita ya kamba wa konjaki, aina ya kiazi, wanaoelea kwenye maji, na mikebe minne ya jodari wa soya. Wallahi nilifurahi, miaka mitano sijaonja kamba.

Ramadhani ikaingia. Daku ya kwanza nikawapika, thomu, nyanya, pilipili mbichi, ukwaju, tui la mwanzo kidogo. Rangi ile ile ya waridi, wamejikunja vile vile, hata mistari ya mgongoni wamechorewa. Mamangu akatafuna, akasita, akaniangalia. "Mwanangu, hawa ni kamba ama ni kandambili?" Mimi nikamaliza mfuko wangu wote, wali sikuugusa, najiambia leo nimekula protini ya kutosha. Na kweli nilishiba, tumbo likajaa ndi! Ilipofika saa nne asubuhi kichwa chepesi, mikono yatetemeka, adhuhuri nikaswali nimekaa. Nikadhani labda nina sukari. Kesho yake vile vile. Siku ya tatu ndo nikauokota mfuko kwenye taka nikausoma, kitu ambacho ningefanya siku ya kwanza.

Kitaliano cha jikoni nakijua kwa sababu ya kazi. Kule Ulaya sheria inawalazimisha waandike kila kitu kwa gramu 100, kwa hivo kulinganisha ni rahisi. Nikatafuta neno "proteine", nikakuta haifiki hata gramu moja. Kamba wa kweli, mbichi, ana kama gramu 20! Konjaki ni kiazi, Wajapani wanakila tangu zamani, unga wake ukikutana na maji unavimba unakuwa kama mpira, na karibu yote unayotafuna pale ni maji na nyuzinyuzi. Ndo maana tumbo linajaa lakini nguvu hamna. Si sumu, na mtu anayetaka kupunguza uzito inaweza kumfaa, lakini wewe unayefunga mpaka magharibi ukale hiyo peke yake daku, shauri yako. (Watoto wakatieni vidogo vidogo, ni kitu cha kuteleza, kinaweza kuwakaba.)

Ile mikebe ya soya nayo ilikuwa habari nyingine kabisa. Pale protini ilikuwa gramu 15, na protini ya soya ni nzuri, inakaribia ya nyama kwa ubora. Kwa hivo msiseme vyakula hivi vyote ni takataka, ama vyote ni afya, hakuna kitu kama hicho, kila paketi na mambo yake. Angalia kilichotajwa mwanzo kwenye orodha ya vilivyomo, manake wanaanza na kile kilicho kizito zaidi. Ikianza soya au njegere, sawa. Ikianza maji halafu wanga halafu mafuta, jua umenunua maandazi yenye harufu ya bahari. Nyengine zinatumia protini ya ngano, hiyo ina upungufu wake, ila ukiila na kunde au mbaazi inajazwa.

Lakini hapo hapo kwenye mkebe wa soya nikakutana na chumvi. Gramu 1.6 kwa kila 100, na Waingereza wao wakipita 1.5 washaita chumvi nyingi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asifike gramu 5 kwa siku nzima, yaani kijiko kimoja cha chai. Mamangu ana presha, na mimi juzi yake nimemtilia mkebe huo kwenye sambusa na nikaongeza chumvi juu! Niliona haya mwenyewe. Na angalia, paketi nyengine, hata za hapa kwetu, hawaandiki chumvi wanaandika sodiamu, inaonekana ndogo, lazima uzidishe mara 2.5 upate chumvi yenyewe. Miligramu 600 za sodiamu ni gramu moja na nusu ya chumvi.

Kitu kingine ambacho jina la samaki halikupi ni vile virutubisho vilivyomo kwenye samaki wa kweli. Omega 3 ile hasa, yaani yale mafuta mazuri ya samaki, vitamini B12, iodini. Omega 3 hata samaki haanzi nayo yeye, chanzo chake ni vimea vidogo sana vya baharini, kwa hivo siku hizi kuna mafuta yanayokamuliwa kutoka vimea hivo na kampuni nyengine zinayatia. Wasipoandika, usidhani imo. B12 kwenye mimea huipati ya kutegemea, mtu mzima anahitaji maikrogramu 2.4 kwa siku, na ambaye hali kitu chochote cha mnyama lazima aipate kwenye chakula kilichoongezewa au vidonge, hapo hakuna ujanja. Mimi B12 hainipi wasiwasi, nala changu. Iodini Mkenya anaipata kwenye chumvi ya jikoni, kwa sheria inatiwa, na chumvi yenyewe inatoka hapa hapa Gongoni na Marereni.

Wenzangu wenye mzio kama mimi, someni mpaka chini kabisa, maandishi ya kupofusha macho. Mfuko mmoja uliandikwa unaweza kuwa na chembe za kamba na samaki, manake umetengenezwa kwenye kiwanda kinachotengeneza na vya kamba na samaki wa kweli. Kamba bandia wenye kamba! Huo sikuufungua.

Siku hizi wale wa konjaki nawasuuza mara tatu, maji yao yana harufu kama ya samaki aliyelala, nawakaanga bila mafuta mpaka wakauke, ndo nawatia kwenye mbaazi za nazi. Mbaazi zinaleta protini, kamba wanaleta kutafuna, chumvi naweka mwisho baada ya kuonja. Lakini sitawadanganya, nikiambiwa nivinunue kwa pesa yangu sinunui, bei niliyotajiwa ya mfuko mmoja huko kwao hapa napata mbaazi za wiki nzima na mahamri yake.

Mfuko mmoja ungali kabatini. Mama kasema apewe paka, na paka nilimpa mmoja, akamnusa akenda zake.