Nilivyojifunza Kuwa Baba Baada ya Utoto wa Hofu

Wavuvi wa dagaa katika Ziwa Victoria hufanya kazi usiku wa giza, kwa kuwa mwanga wa taa zao ndio unaowavuta dagaa, na mwezi unapokuwa mpevu taa hizo hupoteza nguvu, hivyo wengi hurudi nyumbani kupumzika. Sisi tuliokulia Kirumba, jijini Mwanza, na baba mvuvi aliyekunywa na kupiga tuliuhesabu mwezi kwa hofu. Siku hizo nililala nimevaa viatu, tayari kukimbilia kwa jirani.

Nilipooa, niliamini kwamba kutogusa pombe kungetosha. Haikutosha. Siku moja mwanangu wa miaka minne alimwaga uji juu ya daftari langu la mahesabu, nami nilipofoka alijikunja na kufunika kichwa kwa mikono, vilevile nilivyokuwa nikifanya mimi. Sikuwahi kumpiga; sauti yangu peke yake ilikuwa imemfundisha hivyo.

Usiku ule nilimsimulia mke wangu yote niliyokuwa nimemficha kwa aibu, na ndipo nilipofahamu kwamba miaka yote hiyo aliuona ukimya wangu kuwa dharau. Tulikubaliana kwamba sauti yangu ikianza kupanda ataniambia nitoke nje, nami nitatoka bila kubishana na nitarudi nikiwa naweza kuzungumza. Ndiyo maana namsihi mzazi aliyepitia kama yangu asimfiche mwenzi wake. Asubuhi nilichuchumaa mbele ya mwanangu nikamwomba radhi. Wapo wanaosema mzazi hujishushia heshima akifanya hivyo. Mimi nimeona mtoto akianza tena kunikimbilia mlangoni.

Kwa aliye bado ndani ya mateso, usalama utangulie msamaha. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 haimpi mtu yeyote haki ya kumpiga mwenzi wake kwa kumwadhibu, jambo ambalo mama yangu hakuwahi kuambiwa. Mtoto anayeteswa anaweza kusaidiwa kupitia namba 116, ambayo hupigwa bure, au kwa afisa ustawi wa jamii.

Mama sasa anaishi nasi. Kila jioni, kabla ya kufunga mlango, bado hutazama juu kuuangalia mwezi, na mwanangu, ambaye amekuwa mkubwa, ameniuliza kwa nini bibi hufanya hivyo. Nimeanza kumsimulia, kidogo kidogo.