Kisiwani Rote, anayeweza kusubiri ndiye anayebaki

Swali lenu la wiki lilikuwa: "Kijana aliyezaliwa kwenye kijiji cha kisiwa cha mbali, kisicho na kiwanda wala ajira, akiamua kubaki ana nini mbele yake?" Wengi watajibu wakiwa na Mafia au Ukerewe akilini. Mimi nitajibu kwa Rote, kimojawapo cha visiwa vya kusini kabisa mwa Indonesia, kwa sababu vijiji vyake vinaishi kwa zao ambalo Wazanzibari wanalijua kwa mikono yao: mwani.

Jibu langu ni kwamba anaweza kubaki na akaishi vizuri, ila nyumba yake iwe na uwezo wa kusubiri. Asubiri bei, asubiri meli, asubiri mvua ipite. Anayelazimika kuuza leo alichovuna jana hatadumu, hata bahari iwe na neema kiasi gani.

Tuanze na shamba. Mwani unaotafutwa ni cottonii, ule mnene, ambao Unguja na Pemba umekuwa ukifa maji yakipata joto, hata wakulima wengi wakabaki na aina ya spinosum yenye bei ndogo. Kwenye kina kifupi kamba hufungwa kwenye vigingi, kama Paje. Palipo na kina, kamba huelea kwa chupa tupu za plastiki. Chukua kamba moja ya mita 25. Kila baada ya sentimita 20 unafunga kitawi cha mbegu cha gramu 100 hivi, kwa ile kamba ndogo ambayo Zanzibar huitwa taitai. Hapo vimeingia vitawi 125, yaani kilo 12 na nusu za mbegu. Baada ya siku 45, mambo yakienda sawa, mbegu imezaa mara tano: kilo 62 na ushei. Toa mbegu ya mzunguko unaofuata, zinabaki kilo 50 mbichi. Kilo nane mbichi hutoa kilo moja kavu, kwa hiyo kamba nzima imekupa kilo sita tu za kuuza. Mwenye kamba 100 ana kilo 600. Kwa rupia 15,000 kwa kilo, hiyo ni milioni tisa. Kwa rupia 40,000, ni milioni 24.

Sikuchagua bei hizo mbili ovyo. Mwaka 2022 mwani mkavu ulipanda hadi kukaribia hiyo ya juu, na mwaka 2023 ukaporomoka vibaya. Wakulima hawakuwa wamebadilisha chochote. Sehemu kubwa ya mwani wa Indonesia husafirishwa ukiwa mkavu tu, haujasindikwa, kwenda China, na viwanda vya huko vikijaza maghala, mnunuzi wa kijijini husikia siku hiyo hiyo.

Halafu hesabu ile ni ya karatasi. Bahari ikitulia na kupata joto, au mvua kubwa ikipunguza chumvi ya maji, matawi huanza kuwa meupe kwenye viungo, yakalainika na kukatika. Ugonjwa huo wakulima wanauita ice-ice. Hauna dawa ya kunyunyizia. Kinachosaidia ni kuwahi: vuna upesi hata kama ni siku ya 30, tupa nchi kavu kilichooza, na hamishia mbegu nzima penye mkondo wa maji. Anayengoja zitimie siku 45 ili apate uzito hupoteza vyote. Samaki aina ya tasi na kasa nao wanakula. Tasi hung'ata ncha changa, kasa hubomoa mstari mzima. Na kuna dhoruba. Kimbunga Seroja kilipopiga Nusa Tenggara Mashariki, mkoa wenye Rote, mwanzoni mwa Aprili 2021 kiliua watu zaidi ya 180. Kwa mkulima wa mwani, kamba hununulika tena. Kigumu ni mbegu, kwa sababu mbegu ni mwani hai, na majirani wote wakiwa wamepoteza hakuna wa kukuuzia.

Ubora unaharibikia zaidi kwenye kukausha, na hapa ndipo ningemwambia kijana akazie macho. Mwani ukianikwa mchangani hubeba mchanga, na mnunuzi hukata bei kwa mkupuo bila kupima. Ukinyeshewa, unapauka na kupoteza ule utomvu wa kugandisha ambao kiwanda kinautaka. Unatakiwa uanikwe kwenye vichanja vya mianzi vilivyoinuliwa, ugeuzwe, na turubai liwe karibu siku zote. Jua likiwa kali, siku mbili au tatu zinatosha. Mwani uliokauka sawasawa bado unapindika mkononi bila kuvunjika, una chumvi nyeupe juu yake, na unyevu umebaki asilimia 35 hadi 38. Ukiuza kabla ya hapo unafurahia uzito wa maji kwa mara moja, halafu jina lako linaharibika kwa mnunuzi.

Huyo mnunuzi mara nyingi ndiye tajiri wa kijiji. Anakopesha mchele, mafuta ya mashua, kamba na ada za shule, na deni hulipwa kwa mwani kwa bei anayoitaja yeye. Simlaani, maana benki haifiki huko na yeye anafika. Lakini mwenye deni hawezi kuweka magunia stoo akingoja bei.

Kinachompa mtu wa Rote pumzi ni mti wa jamii ya minazi ambao sisi tungeuita mvumo. Wagema hupanda kiangazi, asubuhi na jioni, na maji yake matamu hupikwa siku hiyo hiyo kabla hayajachacha, yakawa asali nzito ya kuweka kwenye madumu kwa miezi. Ni kazi ya hatari, inamaliza kuni, na vijana wanaikimbia. Kwa maoni yangu wanakosea: nyumba yenye madumu ya asali na mahindi kidogo haimpigii tajiri magoti bei ikianguka.

Kuna kusubiri kwingine ambako hakuna madumu yanayotosha. Tarehe 21 Agosti 2009 kisima cha Montara, kwenye maji ya Australia, kilipasuka na kumwaga mafuta kwa siku 74. Mwani ulikufa pwani za Rote na Kupang, mji mkuu wa mkoa ulio kisiwa jirani cha Timor. Wakulima zaidi ya 15,000 walikwenda mahakamani Australia, wakashinda hoja kuu Machi 2021, na Novemba 2022 kampuni ya kisima hicho ikakubali kulipa dola za Australia milioni 192.5. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa mafuta alikuwa na miaka 13.

Kwa upande wa vijiji, serikali ya Indonesia haikukaa kimya. Tangu sheria ya vijiji ya mwaka 2014, kila kijiji hupata fungu lake moja kwa moja. Mwaka 2015 zilitengwa rupia trilioni 20.8 na mwaka 2019 trilioni 70, wastani wa zaidi ya milioni 900 kwa kijiji. Fedha nyingi ziliishia kwenye barabara za zege, ambazo ni nzuri, lakini hazikaushi mwani. Kijana aliyebaki aende kwenye mkutano wa bajeti na adai stoo ya kijiji na vichanja. Bajeti hubandikwa nje ya ofisi, aisome.

Meli ni jambo lisilo na ujanja. Feri ya Kupang huchukua saa nne hivi, na mawimbi yakiwa makubwa bandari haitoi ruhusa, wakati mwingine kwa siku kadhaa. Kadi ya bima ya afya ya taifa, iliyoanza 2014, haitulizi bahari. Kwa hiyo mjamzito mwenye dalili za hatari apelekwe Kupang wiki kadhaa kabla, akae kwa ndugu, asisubiri uchungu. Hilo ndilo jambo moja ambalo halisubiriwi.

Fedha ya mavuno ya kwanza, kwa mpangilio wangu: turubai na vichanja kwanza, kisha kamba za akiba na nafasi ya kutunza mbegu sehemu mbili tofauti za ghuba, kisha kumaliza deni la tajiri hata kwa kubana tumbo. Pikipiki, ambayo wengi huinunua bei inapopanda, ije mzunguko wa nne au wa tano.