Jua la paani halina kipimo

Mwalimu, maabara yetu ndogo iko Industrial Area. Tunataka kupima kama mwanga unaharibu dawa zetu. Kwa nini tusianike vidonge juu ya paa? Jua la Nairobi ni la bure.

Ni la bure, ila Julai mawingu hukaa mpaka mchana na Februari linachoma. Majibu ya mwezi huu hayatafanana na ya mwezi ujao. Tena mabati yakichemka, kidonge kikigeuka manjano utajuaje kama ni mwanga au ni joto?

Tununue taa ya xenon (taa kali ya gesi) au taa za mirija? Bosi analia na bei.

Mwongozo wa ICH Q1B, ule wa kimataifa wa kupima dawa kwa mwanga, unakubali zote. Xenon huiga mwanga wa mchana kwa taa moja, lakini hutoa joto jingi, hivyo itahitaji kupozwa, na iwekewe kichujio cha kukata mawimbi ya mwanga yenye urefu chini ya nanomita 320. Njia ya pili ni mirija ya aina mbili: mweupe baridi (cool white), na wa urujuanimno (UV, mwanga usioonekana kwa macho) wenye kilele kati ya nanomita 350 na 370. Sampuli ile ile ipigwe na yote miwili. Kwa mfuko wenu, ningeanza na mirija.

Nimeuziwa taa ya kuua vijidudu pale Luthuli Avenue. Si urujuanimno huo huo?

Irudishe. Hiyo hutoa nanomita 254, mwanga usiopenya hata kioo cha dirisha, kwa hiyo dawa haitakutana nao kwenye rafu. Ajabu ni kwamba kile kijitaa cha wakala wa M-Pesa cha kukagua noti kinakaribia zaidi kinachotakiwa, ingawa nguvu yake ni ya kuchekesha.

Jaribio likiendelea, stima ilipotea usiku kwa muda wa saa sita nzima. Tuanze upya?

Hapana, andikeni tu muda uliopotea. Kinachohesabiwa ni dozi ya mwanga: angalau luksi-saa milioni 1.2 (luksi, kipimo cha mwanga unaoonekana, mara saa), pamoja na wati-saa 200 za urujuanimno kwa kila mita ya mraba. Kwenye luksi 8,000 hiyo ya kwanza ni saa 150. Ongezeni zile sita mwishoni. Kipima-luksi lakini hakioni urujuanimno, tafuteni kipimo chake. Na pimeni pale pale sampuli ilipolala, maana kona za kabati huwa hafifu na mirija huchoka. Kando yake wekeni sampuli nyingine iliyofungwa kwa karatasi ya aluminiamu, ile ya kufungia kuku. Nayo ikibadilika rangi, msilaumu mwanga.