Siku Moja Normandy: Je, Inatosha?

SWALI: Mhariri, nitakuwa Paris kwa siku nne. Nimeona ziara ya basi, yenye kiongozi, inayopitia Giverny, Rouen na Honfleur, huko Normandy kaskazini mwa Ufaransa, kwa siku moja. Je, itanifaa, au nitakuwa ninakimbizwa tu?

JIBU: Ndugu msomaji, itakufaa ukikubali kwamba saa nyingi zitaishia barabarani, kwa kuwa Honfleur iko takribani kilomita 200 kutoka Paris. Giverny, alikoishi mchoraji Claude Monet tangu 1883 hadi alipofariki 1926, hupendeza mno katika majira ya kuchipua, lakini bustani yake hufungwa wakati wa baridi. Basi hakikisha tarehe zako kabla ya kulipa.

Rouen ndipo kiongozi anapohitajika hasa, maana uwanja wa soko la kale, alipochomwa moto mwaka 1431 Jeanne d'Arc, msichana shujaa aliyeongoza majeshi ya Ufaransa vitani, unaweza kuupita bila kujua umekanyaga wapi. Huko Honfleur usikae bandarini tu kupiga picha. Ingia katika kanisa la Sainte-Catherine, lililojengwa kwa mbao na mafundi wa meli katika karne ya 15, kisha uinue macho: dari lake ni kama mashua mbili zilizopinduliwa, zikalazwa ubavu kwa ubavu.

Kama wewe ni mtu wa kutembea polepole, mimi ningekushauri uache ziara hiyo, upande treni hadi Rouen peke yake.